Bi Kidude kabla dunia haijamjua



Wiki chache kabla ya Ramadhani alikuja kwetu binti kujaribu gauni lake la kuingilia ukumbini. Tumepiga magoti, pini mdomoni, tunapima pindo, akatwambia ataingia kwa wimbo wa Bi Kidude, "Muhogo wa Jang'ombe", ameupata kwenye simu. Tukamuuliza, unadhani Bi Kidude alikuwa na umri gani alipoanza kujulikana duniani? Akafikiri kidogo, akasema, "Labda thelathini na kitu, kama nyinyi." Mmoja wetu alicheka mpaka pini zikadondoka, na nusu saa nzima tukawa tunazitafuta kwenye mkeka.

Hatumlaumu. Wengi wetu tumemkuta Bi Kidude keshakuwa picha ya ukutani, keshakuwa kitabu cha watalii. Tumemkuta bibi mwembamba, sauti nzito, sigara mkononi, tukadhani alizaliwa hivyo hivyo na umaarufu wake. Kumbe miaka mingi ya maisha yake alikuwa mtu wa vyumba vya ndani, mtu wa mabibi arusi kama nyinyi, na hata mtaa wa tatu hawamjui.

Lakini habari ya Bi Kidude haianzi na Bi Kidude. Inaanza Fumba, kwa mwanamke mwengine.

Huko Fumba, kusini ya mji, karibu na mwaka 1880, alizaliwa mtoto wa kike akapewa jina Mtumwa. Jina lenyewe linajieleza. Baba yake Mnyamwezi, mama yake Mzigua, na Unguja ya wakati huo ilikuwa bado ni Unguja ya utumwa. Amri ya kuufuta ilikuja 1897, binti yule ana kama miaka 17. Hakusoma. Alijifunza kufinyanga vyungu, akawa anavichukua kichwani kuja kuviuza, na njiani anaimba ili wateja wamsikie kabla hawajamwona. Mwenye biashara yoyote ataelewa hilo. Mwaka 1911 akahamia mjini. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, umri ambao siku hizi mtu akifikia bila kitu cha kuonyesha, shangazi zake wanaanza kumtazama kwa huruma.

Mjini ndipo alipopewa jina la Sitti, yaani bibi mheshimiwa, na ndilo tunalomjulia: Sitti binti Saad.

Wakati huo taarabu ilikuwa ya wenyewe. Seyyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeipenda akaileta kutoka Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kwenda kujifunza ganuni. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichopo mpaka leo. Wanaume watupu, nyimbo kwa Kiarabu, na wasikilizaji ni watu wa nasaba na kanzu zilizopigwa pasi. Mwanamke mfinyanzi kutoka shamba kukaa mbele ya fidla na udi akaimba kwa Kiswahili, tena watu wakamlipa, hilo halikuwa jambo dogo. Wapo waliomkejeli kwa nyimbo, wakamkumbusha kaniki yake na vyungu vyake, na sura yake. Naye akawajibu kwa wimbo, kama ilivyo ada ya taarabu.

Alichoimba ndicho kilichompa watu. Aliimba habari za mahakamani, za mahakimu, za wanaume wanaopiga wake zao. Wimbo wa "Kijiti" unahusu mwanamke aliyeuawa. Muuaji akakimbilia bara, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Usiku, watu wa Ng'ambo wakirudi kazini, ndio kwanza wanapata kusikia yale yaliyotokea mjini, na wanayasikia kwa upande wao.

Machi 1928 akapanda meli pamoja na wapigaji wake kwenda Bombay, kurikodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyewahi kurikodi kabla yake. Hesabuni sasa: 1880 mpaka 1928. Alikuwa na karibu miaka 48. Mwanamke wa miaka 48 mwaka 1928 alikuwa ni bibi wa wajukuu, mtu wa kutafuna tambuu barazani. Santuri zake zikauzwa kwa maelfu kwa maelfu pwani nzima, zikapigwa kwenye mikahawa mpaka zikakwaruzika. Alifariki Julai 1950, na Shaaban Robert mwenyewe akamwandikia wasifu, mwandishi ambaye angeweza kumchagua mtu yeyote wa kumwandikia.

Basi kwenye maonyesho hayo ya Sitti, pembeni, kulikuwa na mtoto wa kike akijipenyeza asikilize. Jina lake Fatuma binti Baraka, wa kijiji cha Mfagimaringo, baba yake muuza nazi. Kwa udogo wa mwili wake wakamwita Kidude.

Alizaliwa lini? Mwenyewe akisema alizaliwa enzi za rupia, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Rupia hapa kwetu ilitumika mpaka mwisho wa 1935, ndipo ikaja shilingi, kwa hiyo rupia peke yake haimalizi hesabu. Cheti hakuna. Watu wamebishana na wataendelea. Sisi tumeona bibi zetu wakihesabu miaka yao kwa njaa fulani na harusi ya fulani, na hatuoni kwa nini hesabu hiyo ichekwe. Hata ukimfanyia ubahili wa miaka, alipokuja kupewa zawadi kubwa ya dunia alikuwa ameshapita 80.

Kwa Sitti alisoma kwa masikio tu, bila daftari, bila ada. Nyimbo zile zile za Sitti ndizo alizokuja kuziimba maisha yake yote, "Kijiti" ikiwemo. Aliozwa angali mdogo, ndoa ikamshinda akaondoka. Akavuka kwenda bara, akazunguka na kikundi cha taarabu miji ya pwani na ya ndani, inasemekana akitembea pekupeku. Ndoa ya pili nayo haikudumu. Miaka ya 1940 alikuwa kesharudi Unguja, kwenye nyumba ndogo ya udongo. Hakujaaliwa kupata mtoto.

Hapo ndipo wasimulizi wengi wanaporuka. Wanakwambia alirudi miaka ya 1940, halafu mstari unaofuata ni miaka ya 1980 na Ulaya. Jamani, kati ya hapo kuna miaka arubaini! Mtu alikula nini miaka arubaini?

Alikula kwa mikono yake. Alipaka hina maarusi. Alitengeneza wanja, aliuza dawa za miti shamba. Na zaidi ya yote alikuwa mtu wa unyago, aliyewacheza wari na kuwafunda.

Kwa walio nje ya visiwa, au waliokulia kwenye nyumba zilizoacha mila hiyo, tueleze kidogo. Unyago wa hapa Unguja umechanganya mengi yaliyoletwa na watu wa bara, na wengi wa watu hao hawakuja kwa hiari yao. Mwari anawekwa ndani na wanawake wazima, mwanamume hakaribii, na anafundishwa kwa ngoma, nyimbo na mafumbo: mwili wake, usafi wake, kuishi na mume, na pia, jambo ambalo watu husahau kulitaja, namna ya kukataa kuumizwa. Mafunzo hayo hayaandikwi. Yanakaa kichwani mwa kungwi, na kungwi akifa bila kumwachia mtu, yamekwenda.

Ngoma yenyewe ya msondo ni ndefu na nzito. Mpigaji husimama ameipakata katikati ya miguu, imefungwa kiunoni kwa kanga. Sisi washonaji tunaitazama ile kanga kwenye picha za Bi Kidude kuliko tunavyomtazama yeye: imekunjwa mara ngapi, fundo limewekwa wapi ili lisimkate kiuno. Kufunga kule hakujifunzwi siku moja. Piga ngoma hiyo usiku kucha, uani, huku unaimba ili wanawake hamsini wanaoitikia wakusikie, hakuna kipaza sauti, na fanya hivyo miaka arubaini. Utapata sauti ile. Ule ukwaruzo uliowafanya wazungu wakae kimya ukumbini ulifanyiwa kazi kwenye nyua za Ng'ambo na za mashamba, kwa ajili ya bibi arusi mmoja mmoja, ambao wengine ni mabibi zenu na hawajawahi kuwaambia.

Kwenye taarabu ya jukwaani mambo yalikuwa yakienda bila yeye kuwa mbele. Wanawake wa mjini walikuwa na vikundi vyao, viwili vikijiita Royal Navy na Royal Air Force, vikishindana kwa mashairi ya mafumbo na kwa sare mpya kila sherehe. (Mafundi cherehani wa zamani walikula vizuri, hatuna shaka.) Mwaka 1958 ndipo kikundi cha Culture Musical Club kilipoanza. Yakaja Mapinduzi ya 1964. Waimbaji wakapanda na kushuka. Bi Kidude alikuwepo, anaitwa, anaimba, anarudi kwenye hina yake.

Miaka ya 1980 upepo ukageuka. Kikundi cha Twinkling Stars kikampandisha jukwaani, na mwisho wa miaka hiyo akaanza kwenda Ulaya. Safari zikawa nyingi: Ulaya huko na huko, Japani, nchi za Kiarabu. Mwaka 2004 likaanza tamasha la Sauti za Busara, hapo Ngome Kongwe, naye akawa uso wake. Mwaka 2005, Uingereza, akapewa tuzo ya WOMEX, ambayo kwa wanamuziki wa asili wa nchi mbali mbali ni heshima kubwa sana. Mwaka uliofuata ikatoka filamu juu yake, "As Old As My Tongue", ya Mwingereza Andy Jones. Bibi wa hina na wanja sasa anashuka kwenye ndege na watu wamesimama foleni kumpiga picha.

Kwa nini wakati ule na si 1955? Sauti ilikuwepo 1955, na pengine ilikuwa tamu zaidi. Kilichobadilika kilikuwa nje yake. Unguja ilikuwa imeanza kufungua milango kwa watalii, na watalii wanataka cha kusikiliza jioni. Huko Ulaya, kutoka mwisho wa miaka ya 1980, maduka ya muziki yalitenga rafu nzima ya nyimbo za nchi za mbali, na wenye maduka walitaka wazee, vyombo vya asili, kitu kisichofanana na redio yao. Na hayakuwa kwetu tu. Cesária Évora wa visiwa vya Cape Verde aliimba kwenye baa za bandari ya Mindelo miaka na miaka, akakata tamaa akaacha kwa muda mrefu, na albamu yake iliyompa dunia, "Miss Perfumado", ilitoka 1992 akiwa na miaka 51. Naye pia akiimba pekupeku. Kule Kuba, Ibrahim Ferrer alikuwa akipiga watu viatu rangi walipomwita studio Havana mwaka 1996. Alikuwa na 69, na mwenzake Compay Segundo alikaribia 90. Kisiwa baada ya kisiwa, wazee wanaitwa kutoka nyuma ya nyumba.

Ila kuna jambo hatulipendi katika hadithi hizi, na ndilo lililotufanya tuandike. Watu huzisimulia kama faraja: usikate tamaa, hata ukiwa na 80 bahati yako itakuja. Tunaipenda faraja, nasi tunaihitaji. Mwenzenu alianza kushona kwa cherehani ya kuazima. Lakini tazameni vizuri. Bi Kidude alipata kwa sababu aliishi. Mwenyezi Mungu alimpa umri na kifua. Wenzake aliopiga nao msondo, waliomfundisha na aliowazidi na waliomzidi, walikufa 1960, walikufa 1975, wakazikwa, na sauti zao hazimo kwenye simu ya mtu yeyote. Kwa wale, subira waliifanya pia. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza mapema.

Na fedha je? Sheria ya Hakimiliki hapa Zanzibar ni ya 2003. Fikirini: mpaka sheria hiyo inaandikwa, yeye keshaimba zaidi ya nusu karne. Kwa kawaida mwimbaji hupewa bahasha siku ya kurikodi, anashukuru, anatia kidole gumba, na santuri inakwenda zake. Miaka yake ya mwisho, maneno mjini yalikuwa mengi, nani anapokea, nani anakula, nani anamtunza kweli na nani anatunzwa naye. Hatukuwepo na hatutamsengenya mtu. Tunachojua ni kwamba mwanamke aliyeimba mbele ya watu wa nchi nyingi hakuhamia kwenye jumba.

Wapo wasomaji watakaotuuliza: huyo si yule aliyekuwa akivuta sigara hadharani na kunywa? Ndiye. Hakuficha, na hatutamfichia. Masuala ya ngoma na vyombo masheikh wameshayazungumza, kila mmoja ana anayemfuata, na wapo wateja wetu wanaofanya harusi ya dufu na kaswida tu, mashaallah, na tunawashonea. Sisi si wa kumpa mtu alama. Ila ukitaka kumtoa kwenye historia ya wanawake wa Unguja kwa sababu ya sigara, basi itabidi uwatoe na wale wote aliowafunda wakakaa na waume zao miaka hamsini.

Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Mji ulisimama. Viongozi wakuu wa nchi walikuja mazikoni, wakasimama pamoja na wauza samaki na watu wa shamba. Allah amrehemu yeye na Sitti binti Saad, na wale tusiowajua majina.

Kuhusu majina, tuungame. Tuna daftari la oda, la mwaka wa tisa sasa. Ndani yake tunaandika pia malipo ya watu tunaowaunganisha na maarusi: mpishi, mpambaji, mpiga picha, kila mmoja na jina lake na namba yake. Yupo bi mkubwa mmoja wa shamba tunayemwita kuja kupiga ngoma za wanawake siku ya singo, bibi arusi akisuguliwa. Keshaingia miaka yake sabini na ushee. Tulipomaliza na yule binti wa "Muhogo wa Jang'ombe" tulifungua daftari tumtafute, tukakuta mara kumi na moja tumemwandika "bibi wa ngoma". Hakuna jina. Na kila mara malipo yake ndiyo ya mwisho kwenye ukurasa, doti moja ya kanga na kilichobakia. Mpambaji wa maua ya plastiki amepata mara sita yake, tena nusu kwa malipo ya mbele.

Jumapili tukapanda daladala tukamfuata. Tulimkuta uani anapeta mchele. Tukamwamkia, akaitika, "Marahaba wanangu, nani anaolewa?" Tukamwambia safari hii hatujaja kwa harusi, tumekuja kuuliza jina lake kamili, na nani alimfundisha, na kama atakubali tumrikodi akiimba zile za kuitikia, kwa bei tutakayopatana, ipigiwe hesabu mbele yake.

Akatua ungo. Akatutazama mmoja mmoja.

"Jina mnalitakia nini? Mna kesi?"

Tukamwambia ni la daftari. Akacheka, akalitaja, la kwake na la baba na la babu, akasubiri mpaka tumalize kuandika. Halafu akalitaja na la mwanamke aliyemfundisha, akatusimamia tuliandike chini yake, na akauliza hiyo bei ni shilingi ngapi.